Vyombo vya Mama Mbele ya Wakwe

Mwaka ule wakwe wa kaka yangu anayenifuata walikubali kula Krismasi kwetu Bweranyange, mara yao ya kwanza tangu harusi. Ni watu wa Bukoba mjini, mzee ni mwalimu mkuu mstaafu na mkewe muuguzi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nafundisha sekondari Mwanza, na tangu baba afariki mambo ya nyumba ile nayapanga mimi, mengi kwa simu. Niliapa kwamba siku hiyo hatutadharauliwa.

Nilishuka Kayanga siku mbili kabla ya sikukuu, nikaingia kwenye duka la vyombo la mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Nikachagua sahani nyeupe za udongo, glasi ndefu na kitambaa cha meza. Alipokuwa anazifunga kwa magazeti akaniuliza, "Kwani mama yako hana vyake?"

"Anavyo, ila ni vya zamani mno."

"Basi vichanganye na hivi, mwanangu. Meza ya vipya vitupu ni kama ya hoteli."

Wazo likanikaa akilini. Asubuhi ya Krismasi mama alipokwenda ibadani, nilibaki nikafungua kabati lake bila kumwuliza. Nikatoa bakuli za bati zenye maua mekundu, zile alizopewa siku ya harusi yake, kingo zimechubuka na kuwa nyeusi. Nikatoa kawa alizosuka mwenyewe. Juu kabisa kilikuwepo chombo cha maziwa cha mbao, kile ambacho bibi alikibeba alipovuka kutoka Rwanda, mama akiwa mgongoni mwake. Bibi alikiita icyansi. Majirani zetu Wanyambo husema ekyanzi. Kilikuwa kimeiva kwa moshi, chekundu cha kuelekea weusi.

Nilipanga kwa saa nzima. Bakuli za bati juu ya sahani nyeupe, kawa katikati, glasi pembeni. Kwa kweli ilipendeza. Kile chombo cha mbao nikakijaza maji, nikatia maua niliyochuma uani, nikakiweka kati ya kawa. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la walimu wenzangu, na sifa zikaanza kumiminika.

Mama aliporudi alisimama mlangoni na kitenge chake cha ibada.

"Nani ametia maji humo?"

"Ni mapambo tu, mama."

"Humo hakuingia kitu ila maziwa. Tangu mama yangu."

"Wageni wako njiani. Wakiondoka nitakikausha."

Alinitazama kidogo, kisha akapita kwenda jikoni kutazama ndizi. Nilishukuru kwamba hakubishana.

Wageni walifika, tukasalimiana kwa shikamoo nyingi, tukawakaribisha mezani. Viti vilikuwa vinane. Nilikuwa nimehesabu wakwe na ndugu waliofuatana nao, kaka na mkewe, na mimi. Vikatosha sawasawa. Mama aliingia na sinia la matoke, akasalimia kwa kupiga magoti kama alivyolelewa, akatoka. Mzee mkwe akashika bakuli moja ya bati akaigeuzageuza, akasema vitu vya namna hii siku hizi havipatikani. Kisha akauliza, "Mama mwenye nyumba mbona haji tukale?"

Nikajibu haraka, bila haya, "Yeye anapenda kula jikoni. Ndivyo alivyozoea."

Kaka yangu aliinamia sahani yake. Jiko letu na sebule vimetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali usiofika juu.

Wageni walipoondoka, jua lilikuwa bado kali. Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, chakula chake kimepoa, hajakigusa. Alikuwa ameshamwaga yale maji na kukiinamisha chombo kivulini.

"Mama, wamefurahi sana. Wamesifu vyombo vyako."

"Nimewasikia," akasema. "Nawe nimekusikia. Ni lini nilikwambia napenda kula jikoni?"

Nikaanza kuosha glasi.

Baada ya siku tatu, mbao ilipokauka, kile chombo kilipasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Mama hakunipigia kelele, heri angepiga. Alikifunga kwenye kanga kuukuu akakiweka chini ya kitanda, nami nikarudi Mwanza.

Krismasi iliyofuata nilikuta nyumba imefungwa. Jirani akaniambia mama amekwenda kwa mdogo wangu aliyeolewa na mkulima kule Bugomora, na yuko huko tangu Novemba. Hakuna aliyenipa habari. Nikakodi pikipiki nikamfuata huko. Nilimkuta uani anamenya ndizi, wajukuu wamemzunguka, anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wa baba. Aliponiona kicheko kikakoma.

Nilipiga magoti. "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea mbele ya watu."

"Marahaba," akasema. Akamaliza ndizi aliyokuwa ameshika, akaitumbukiza kwenye beseni la maji. "Nimesikia."

Nikachukua kisu kilichokuwa kando ya beseni nikaanza kumenya. Baada ya muda akanitupia jicho mikononi.

"Unakata nene," akasema. "Chakula chote unakiacha kwenye maganda."