Projekta ya Kumwona Dada

Stima ya Kapseret haipotei kwa adabu. Inakonyeza kwanza mara mbili tatu, kisha inaenda zake, na ikirudi inarudi na hasira. Ndivyo ilivyotuunguzia televisheni. Mama alikuwa akisikiliza habari, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na sebule ikanuka plastiki wiki nzima.

Nasema alikuwa akisikiliza, maana kutazama alikuwa ameshaacha. Mtoto wa jicho alikuwa amemkalia macho yote mawili, na kisu cha daktari anakiogopa kuliko anavyomwogopa shetani. Kitu kikubwa chenye mwanga aliweza kukiona. Sura ya mtu, hapana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndimi mtoto niliyebaki nyumbani. Mdogo wangu wa kike yuko ng'ambo, mwaka wa sita sasa hajakanyaga kwetu. Anakimbia. Watu hudhani kila mtu wa Eldoret hukimbia. Mimi hukimbia mvua ikizikuta nguo kwenye kamba, basi. Yeye hata mshindi si mshindi. Ni pacemaker, yule anayelipwa kuwavuta wenzake mpaka kilomita ya thelathini, halafu anatoka njiani ili wao wakajipatie sifa. Lakini kwa mama hakuna kazi kubwa kuliko hiyo. Mimi nampikia, nampaka mafuta miguuni, namsomea Biblia pamoja na meseji za matapeli, na anayeulizwa habari zake kila asubuhi ni yule. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwetu ndiyo iliyokuwa ikisuguliwa ing'ae. Nilikuwa na wivu, na sioni haya kusema.

Mama aliomba jambo moja tu: aione sura ya binti yake ikitembea, si picha iliyoganda, kabla macho hayajafunga kabisa. Simu ilikuwa ndogo mno. Ndipo nikanunua projekta kuukuu kwa kanisa moja la mjini lililokuwa limepata nyingine mpya. Ukiiwasha inaandika kwanza ukutani KARIBUNI IBADANI, kwa herufi kubwa kama mbuzi. Mama aliyasoma maneno hayo mwenyewe, akasema amina. Nikajua pesa yangu haikupotea.

Fundi wa mjini, mtu wa maneno mengi, aliniambia projekta ina maadui wawili: stima inayorudi na stima inayoondoka. Inayorudi huunguza mashine, kwa hiyo akaniuzia kifaa cha kuizuia, kinachoingojesha stima mlangoni mpaka itulie. Inayoondoka ni mbaya zaidi. Taa ya ndani huwa moto kama jiko, na feni ikisimama ghafla, taa inajipika. Hapo akaniuzia UPS, sanduku la betri zito kama dhambi.

"Hii si ya kuendelea kutazama," alinionya. "Ni ya kukupa muda wa kuzima vizuri. Ikianza kulia, zima, uache feni izunguke mpaka ipoe. La sivyo, hiyo taa usahau. Ya mashine kama yako haipatikani tena."

Nikaifanya sheria ya nyumba. Stima ikipotea, tunazima, hata kama mtu yuko katikati ya mahubiri. Wageni waliokuja na chaja mkononi niliwaonyesha soketi ya jikoni. Walininunia, na mimi nikawaacha wanune.

Halafu mdogo wangu, ambaye kambini kwao mtandao haukubeba video, akapiga simu: angekimbia Jumapili, saa tano asubuhi yetu, na mbio zingeonyeshwa kwenye mtandao. Jirani yetu ana mashine ya kusaga mahindi, na ikinguruma taa za mtaa mzima hufifia. Mwenyewe ni mama mmoja aliyehamia huku kutoka Nyeri, na husaga hata Jumapili, kwa maana anasema njaa haina Sabato. Nilienda kumwomba apumzishe mashine kwa saa mbili tu. Akakubali, mradi na yeye aje atazame.

Alikuja. Akaja na wateja wake watano waliokuwa wakingojea unga, kila mmoja na simu isiyo na chaji. Mimi nilikuwa nahangaika kuunganisha kompyuta ya mkononi na mtandao wa simu yangu, blanketi zimeshaziba madirisha, na kwetu mgeni hanyimwi stima. Mama akawaelekeza kwa ukarimu wake wote: chomekeni hapo kwenye sanduku la mwalimu, hilo halizimiki.

Mbio zikaanza. Mdogo wangu alikuwa mbele kabisa, fulana ya milia, lakini kamera ilikuwa mbali. Kila mara mama aliuliza yuko wapi, nami namwonyesha, naye anasema anaona miguu tu, miguu ya nani? Kilomita ya ishirini na nane, stima ikakonyeza, ikaenda. UPS ikaanza kulia. Nikaruka kwenda kuzima, na ndipo nikaona zile simu zimening'inia kwenye betri, zinanyonya kama ndama. Nikazing'oa zote, na matusi niliyoyatoa siku hiyo ya Bwana sitayaandika hapa. Kisha nikaweka kidole kwenye kitufe.

"Bado sijamwona," mama akasema.

Jirani, mtu anayejua mashine, akanikumbusha kwa upole kwamba taa itaungua. Nikamwambia iungue. Nikaondoa kidole, nikakaa sakafuni kando ya mama. UPS ikalia, ikalia, ikaanza kulia haraka haraka.

Kilomita ya thelathini ikafika. Mdogo wangu akatoka njiani, akashika kiuno, akihema, na mpiga picha mmoja mwenye moyo akamgeukia. Sura yake ikajaa ukuta wetu kutoka dari hadi nyuma ya kochi. Mama akainuka. Nikamshika bega nikamsogeza pembeni asijizibie picha kwa kivuli chake. Akasimama hapo, pua karibu iguse ukuta.

"Amekonda," akasema. "Na nyusi ni za baba yake."

Ukuta ukazimika. Feni ikakata, harufu ya kitu kilichoungua ikatufikia, na blanketi zikatuacha gizani mchana kweupe. Wageni hawakutikisika. Nilijua nimeiua ile mashine kwa mkono wangu, na sikujuta hata kidogo.

Mama akanitafuta kwa mkono, akanipata begani.

"Na wewe je?" akaniuliza. "Miaka mitatu tangu macho yafifie uko hapa hapa na sijui unafananaje siku hizi. Wewe nitakuona kwa mashine gani?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, hata siku moja, katika wivu wangu wote. Nikauchukua mkono wake nikauweka usoni kwangu, ukanikuta nimeshalowa machozi.