Mmea wa Mporoto Ulioandikwa Dabaga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliulizwa swali jepesi kuliko yote niliyopata kuulizwa katika uchuuzi wangu: "Umeutoa wapi?" Mtoto wa miaka minne angelijibu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na akili nyingi, nazo akili nyingi huondoa maarifa. Nikajibu uongo wa neno moja tu.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, maana mzee akikimbia katika maneno huanguka.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nachuuza kati ya Iringa na Mbeya. Babu yangu alitoka pwani akalowea Iringa, nami nikarithi kwake kofia, ulimi, na tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Ukinipa mkono wa salamu, nilihesabu vidole vyangu baada ya kuachiwa. Nilikuwa napanda lori hadi Mbeya, kisha naingia kwa miguu vijiji vya milima ya Mporoto, ambako baridi ya Juni humfanya mtu anunue blanketi bila kubishana sana.

Katika kijiji kimoja huko nilikuwa nalala kwa Bibi Sekela, Mnyakyusa, mjane, mwembamba kama fimbo na mgumu vivyo hivyo. Juu ya nyumba yake palikuwa na kibonde chenye miti mikubwa, na chini ya miti hiyo chemchemi iliyokinywesha kijiji kizima. Jioni moja nikawachekesha watu kwa habari za Mzungu mmoja wa Iringa tuliyemwita Bwana Majani. Nikasema, "Ana nyumba nzuri, ana gari, na kazi yake ni kukausha majani ndani ya magazeti. Ukimletea jani asilolijua, anafurahi kama amepata mtoto wa kiume."

Wote walicheka isipokuwa Bibi Sekela. Asubuhi akanishika mkono, akanipeleka kibondeni.

Mmea wenyewe ulinifika magotini. Majani yake yalikuwa mazito, ya kijani cha giza, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta, na chini yake yana rangi ya zambarau. Maua madogo meupe yalijificha chini ya majani, kama wari wanaochungulia wageni. Ulijaa pale penye kivuli kizito. Hatua kumi tu kutoka hapo, mahali jua lilipopenya, hapakuwa na hata mmoja.

"Kiangazi hauachi jani," alisema Bibi. "Masika hauachi jani. Ila jua likiuona, unakufa. Mama yangu hakujua jina lake, na mimi sijui. Sijauona pengine."

Akauchimbua mmoja na udongo wake, akaufunga kwa majani ya mgomba. Mimi, kwa mazoea, nikauliza, "Bei gani, Bibi?"

"We Mswahili!" akacheka. "Hata kikohozi utauliza bei. Sikuuzii. Mimi sijui kuandika, hii ndiyo barua yangu. Jumbe anataka kukigawa kibonde hiki kiwe mashamba ya pareto. Nimemwomba angoje, amenipa mpaka mvua za kwanza. Mwambie huyo Mzungu wako aje aone kwa macho. Akiandika kwamba uko hapa, labda watatuachia miti, na maji yetu."

"Nitamwambia, Bibi."

"Sema ni hapa."

"Nitasema ni hapa."

Bure ghali, mwanangu. Kitu ulichopewa bila bei ndicho chenye masharti mazito, nami masharti niliyaacha palepale chemchemini. Nikautia mmea ndani ya katoni ya sabuni, nikaunyunyizia maji kila lori liliposimama. Nilipofika Iringa nilikuwa nimeshaanza kuuita wangu.

Bwana Majani alipoufungua aliuweka mezani akauzunguka. Akaleta vitabu vitatu, akaleta kioo cha kukuzia, akafunga vitabu vyote. "Huu hakuna mtu aliyeuandika," alisema. Nikakaa naye barazani siku nzima kumsaidia. Alikuwa akitaja, mimi nahesabu: majani yanakaa mawili mawili, vishipa saba kila upande wa jani, ua lina petali tano na nyuzi kumi ndani. Nilihesabu mara mbili, na nilikuwa sahihi kila mara. Akaandika urefu, akaandika rangi ya juu na ya chini, hata vinyweleo vya kikonyo akaviandika. Sijapata kuona kiumbe kikisifiwa kwa uangalifu namna ile. Mimi mwenyewe nilipooa sikusifiwa hivyo.

Ndipo akauliza, "Umeutoa wapi?"

Sisi wachuuzi tulikuwa na sheria yetu: mtu haonyeshi mahali anapopata mayai yake. Ukionyesha, kesho mnunuzi anakwenda mwenyewe. Nikawaza, huyu akijua Mporoto atanihitaji kwa nini? Nikataja mahali pa misitu karibu na Iringa: "Dabaga."

"Dabaga? Una hakika?"

"Bwana, miguu yangu haisahau."

Akaandika Dabaga. Mwanangu, nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Nililiona neno likikauka.

Nilidhani atatosheka. Kumbe mtu wa namna ile hatosheki mpaka aone mahali kitu kinapoishi. Wiki ya pili tukawa Dabaga, yeye, mimi na wabeba mizigo wawili. Tulitafuta siku nne kwenye misitu ya ukungu, mimi nikiwa wa mbele kwa bidii, nainama, nafunua majani, najifanya kushangaa. "Labda mbuzi wamekula," nikasema. Mbebaji mmoja, Mhehe asiyependa maneno, akanitazama: "Mbuzi wenyewe wako wapi?" Nikahamia kichaka kingine. Bwana Majani hakukata tamaa. Alisema msitu ni mkubwa, atarudi. Akarudi Agosti, akarudi Septemba.

Mimi nikawa nangojea mambo yapoe. Kila nilipotaka kusema kweli, niliona aibu imekua kuliko jana. Aibu haipungui kwa kuwekwa.

Nilirudi Mporoto Desemba, mvua zikiwa zimeshashika. Nilipopanda kilima niliona mwanga mahali pasipokuwa na mwanga. Miti ilikuwa imelala. Miche ya pareto ilikuwa imepandwa kwa mistari hadi ukingoni mwa chemchemi, na ule mmea ambao kiangazi hakikuwahi kuunyang'anya jani ulikuwa umekauka wote, rangi ya tumbaku. Nilitafuta mmoja tu uliobaki. Nilizunguka kibonde chote, nikazunguka tena.

Bibi Sekela alikuwa anapanda kutoka mtoni, mbali huko chini, na ndoo kichwani. Chemchemi ilikuwa inatoa maji ya matope, kidogo kidogo.

"Ndaga, Mswahili," alinisalimu. "Mzungu wako alikufa?"

"Hapana, Bibi."

"Aliugua?"

"Hapana."

"Mimi niliwaambia watu anakuja. Kila gari lililonguruma barabarani nilisimama. Watoto wakanipa jina, Bibi Mzungu-Anakuja." Akaitua ndoo. "Ulimpa mmea wangu?"

"Nilimpa."

"Ulisema ni hapa?"

Nikatazama ile miche ya pareto. Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa kilichooza.

"Ungeutupa njiani ningekusamehe," alisema. "Ungesema umesahau. Lakini ulifika, ukafungua mdomo."

Nilirudi Iringa kwa lori la kwanza nikamweleza Bwana Majani yote. Hakunifokea. Alisema maandishi yameshakwenda ng'ambo, na kwamba kwa ushahidi wa neno langu ameomba kipande cha msitu wa Dabaga kisikatwe, na ameshakubaliwa. Basi ndivyo ilivyokuwa: msitu uliolindwa kwa ajili ya mmea ule ni msitu ambamo mmea ule haujapata kuota. Aliandika barua ya kusahihisha. Barua husahihisha karatasi, haisimamishi miti.

Baada ya hapo kila nilipofika Mporoto nilimtekea Bibi Sekela maji mtoni kabla sijafungua mzigo wangu. Hakunikataza, wala hakunishukuru. Nilifanya hivyo miaka sita, mpaka alipofariki, na sikuwahi kuona kwamba nimefika hata nusu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Katika biashara ficha faida yako ukitaka, ficha hata hasara. Lakini mtu akikupa neno lake ulifikishe, si lako tena kulipunguza wala kuligeuza. Ukisifiwa kwa ulichokileta, mtaje aliyekupa na pataje ulipopewa, hata kama kutaja kutakufanya usihitajiwe tena. Na ukishakosea, kimbia kusema leo, kwa maana wewe unapongoja aibu ipoe, mwenzako anahesabiwa siku zilizobaki kabla ya mvua.

Mungu akupe ulimi unaofika na mzigo mzima. Akuepushe na werevu kama wangu. Na kila mlango utakaoingia, mwenye nyumba anywe maji matamu kwa sababu ulipita.