Siku Nilipomshika Mguu Mama Mkwe

Kwanza nihakikishieni kwamba hapa hakuna mtu wa Bukene, maana haya ninayotaka kuwaeleza watu wa Bukene wanayajua kuliko mimi, na wakianza kucheka wao sitaweza kumaliza. Mimi, mtu mzima, baba wa mapacha, karani wa stoo ya mizigo pale stesheni ya Tabora, niliwahi kumshika mguu mama mkwe wangu. Wala sikumshika kwa heshima. Nilimkamata kifundo kama mtu anayekamata kuku wa sikukuu, na sikumwachia. Aibu yake ninayo mpaka leo, ila niseme ukweli, kabla ya aibu kulikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba aibu ilinifikia baadaye kabisa, kaptula ikiwa imeshanitoka.

Chanzo ni gari. Miaka ile Mwingereza bado yupo, bendera yake iko pale bomani, na bwana mmoja wa kilimo aliyekuwa anarudi kwao akaniuzia gari lake dogo kuukuu, la rangi ya majivu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Pale kwetu Mtendeni nikawa mtu mwenye gari (nisameheni majivuno, nilikuwa kijana). Lakini gari lilikuwa mgonjwa wa kudumu, na fundi wa Kihindi wa karibu na soko kila akiniona nakuja anatabasamu kabla sijafika, nikachukia, nikaanza kukusanya vyombo vyangu mwenyewe. Nilianza na bisibisi, nikapata koleo kwa dereva wa lori la Mwarabu, spana zikaja moja moja, nyingine zimelika meno, nyingine haziingii kwenye nati yoyote ya gari langu lakini nilizitaka kwa sababu zinang'aa. Jeki niliipata kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vitani Burma, akaniapia kwamba imenyanyua malori ya jeshi. Vyote nilivitundika kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, na kila kimoja nikakichorea umbo lake kwa mkaa ili kikikosekana nijue. Nikitoka kazini, kabla sijamsalimu mtu, nakwenda kuutazama ule ukuta kwanza.

"Ukuta huu una bahati," mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa akisema. "Mimi sijatazamwa hivyo tangu harusi."

Kitu kimoja tu sikuwa nacho, vile vigingi vya chuma ambavyo mafundi huvisimamisha chini ya gari baada ya kulinyanyua, ili jeki ikiteleza gari lisianguke. Niliona ni anasa. Jeki ninayo, tena ya Burma, vigingi vya nini?

Sasa ikafika Jumamosi, kesho yake Kulwa na Doto wanabatizwa misheni, na wakwe zangu wanatoka Bukene kwa treni, watafika jioni. Mimi nilikwishapanga moyoni kwamba mapacha watapelekwa kanisani kwa gari, na mbele ya wakwe gari lisifanye ile kelele ya bomba la moshi lililolegea chini, maana lilikuwa linanguruma hadi mbuzi wa jirani wanakata kamba. Mke wangu akaniambia, "Mpelekee fundi, Baba Kulwa, leo si siku ya kujaribu." Nikamjibu kwa sauti ya mwenye mali, "Na spana zangu zile, ni mapambo?" Akabeba watoto, akaenda mtaa wa pili kuazima masufuria. Laiti ningemsikiliza, lakini ndiyo hivyo.

Nikavua shati, nikabaki na kaptula iliyochoka, nikalinyanyua gari ubavu mmoja. Mnaujua mchanga wa Tabora. Jeki ikaanza kuzama na kuinama kidogo. Badala ya kuacha nikatazama huku na huku, nikaona kinu cha mke wangu, kinu kizito cha mninga alichopewa na mama yake siku anaolewa. Nikakilaza ubavu chini ya gari, mdomo ukaelekea nje, nikakitilia jiwe kisibingirike. Upande huo nikatundika gunia kuzuia jua. Nikaingia chini chali, tumbo langu likitangulia kwa urefu (nilipenda sana asali, na bado naipenda).

Nilikuwa sijafungua hata nati moja nikasikia lori linasimama barabarani, kisha sauti ya mwanamke, "Hodi hapa! Hodi wenyewe!" Nilitaka kufa. Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Kumbe walipata lori la karanga, hawakungoja treni, na alikuja na shangazi wa mke wangu pamoja na shemeji zangu wawili, vijana wenye mikono ya kulima.

Lazima mwelewe habari ya mkwe. Kwetu siku zile mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akipita huku, wewe unapita kule, jina lake hulitaji, amri humpi, na kama kuna la lazima kusemwa unamwambia mtu wa tatu, na mtu wa tatu asipokuwepo unamwambia kuku, na mkwe anasikia kama hasikii. Sasa nitoke vipi mbele yake nikiwa nusu uchi, nimepakaa grisi mpaka kwenye masikio? Nikaamua ninyamaze, waingie ndani, kisha nichomoke nikaoge. Nikabana hata pumzi.

Wakati nimebana pumzi, jeki ikalia kriii.

Gari likashuka. Halikushuka sana, kiasi cha upana wa kiganja, kisha likaegemea kinu na kutulia. Lile bomba likanikaa tumboni, kaptula ikanasa kwenye nati, na nilipojaribu kujivuta nikagundua kwamba siendi mbele, sirudi nyuma. Mchanga ulikuwa unatiririka taratibu karibu na sikio langu. Niliogopa, jamani. Nimewahi kukutana na simba njia ya Tura na sikuogopa vile, kwa sababu simba ana miguu na mimi nina miguu, lakini pale miguu yangu haikuwa na kazi. Nikawaza watoto wanabatizwa kesho na baba yao anazikwa kesho, na padri ataanza na lipi.

Na hapo ndipo nikasikia mama mkwe anasema nyuma ya gunia, karibu kabisa, "Mwanangu hayupo, wageni tumefika na njaa, ngoja tutwange kisamvu. Kumbe kinu wamekitupa huku nje!"

Kinu kikatikisika, na gari likatikisika nacho.

Kumwita siwezi, kumwamuru siwezi. Macho yakaangukia kuku mmoja aliyekuwa anachakura kwenye kivuli upande wa pili. Nikasema kwa sauti nyembamba, "We kuku, hicho kinu kina kazi."

Mama mkwe alitambua sauti. Nikadhani nimepona, kumbe ndiyo nimeharibu, maana yule mama mwenye adabu zake alipojua mkwewe yuko karibu, alijifunika kanga kichwani, akanigeuzia mgongo, akaendelea kukivuta kinu kinyumenyume kwa haraka zaidi ili aondoke pale. Miguu yake niliiona chini ya gunia, visigino vimenielekea.

Naye akamjibu kuku, kwa upole sana. "We kuku, waambie watu hao wasione haya, kazi ya kutwanga ni yetu wanawake."

"We kuku," nikasema, jasho linaniingia machoni, "kinu kimeshika mzigo!"

"We kuku, hata kama kina mzigo nitaumimina."

Akalipiga teke lile jiwe, likatoka. Kinu kikaanza kubingirika, taratibu, na bomba likanizama tumboni mpaka nikaona nyota mchana. Kifundo chake kilikuwa hapo, karibu na mkono wangu. Sikufikiri. Nilikidaka, nikakikamata kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele, bila kuku, bila mtu wa tatu, "Mama! Usivute! Gari litaniua!"

Alipiga yowe ambalo nadhani bomani walilisikia. Shangazi ndani akadakia, "Nyoka! Dada ameumwa na nyoka!" Shemeji zangu wakaja mbio, mmoja na mchi, mwingine na mpini wa jembe, wakaona mkono mweusi wa grisi umemng'ang'ania mama yao unatokea chini ya gunia, wakaanza kupiga. Walipiga mkono, wakapiga gunia, wakapiga na ubavu wangu. Nikalia, "Shemeji, ni mimi! Ni mimi!" Shangazi akasema, "Ongezeni, joka lenyewe linasema!"

Aliyewanyamazisha ni mama mkwe. "Acheni! Ni mtu wangu huyu! Nyanyueni gari!"

Na nitakalowaambia sasa sikuliona peke yangu, shemeji zangu pia waliliona. Yule mama hakuuvuta mguu wake. Alikuwa ameshauelewa mzigo wa kile kinu, akakikazia goti, pale lilipokuwa jiwe, akawa yeye ndiye jiwe. Kinu kilikuwa kinamsaga goti, nilikuwa namsikia anaguna, na kwa sauti ya chini, bila kunitazama, akasema, "Pumua, baba. Pumua, wanakuja." Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha, na mkono wangu bado umeshika kifundo chake.

Majirani wakajaa, hata katekista aliyekuja kuulizia maji ya ubatizo akakunja mikono ya kanzu. Wakalikamata gari kwa bampa, wakahesabu, wakanyanyua, na mtu mmoja akanivuta kwa miguu. Mimi nilitoka. Kaptula ikabaki kwenye nati. Walipoliachia gari lilikaa kitako kwa kishindo, likaipinda jeki ya Burma, na pale lilipogonga mchanga ndipo kilipokuwa kifua changu.

Nilisimama mbele ya Mtendeni nzima sina nguo, wanawake wanajifunika nyuso na kuchungulia kati ya vidole, na mke wangu ndiyo kwanza anatokea kona na masufuria kichwani. Hayakudumu kichwani. Kitu laini kikaniangukia usoni. Mama mkwe, amegeukia ukuta na amefumba macho, alikuwa amenitupia kanga yake. Nikajifunga. Katekista akasema, "Tumshukuru Mungu," lakini mabega yake yalikuwa yanaruka.

Wazee wa upande wa mke wangu waliponiita baada ya ubatizo, walisema nimevunja mambo mengi kwa mara moja: nimemshika mkwe, nimemwamuru, nimevaa nguo yake. Nikatoa mbuzi, na sikubisha. Tukala. Kisha mzee mmoja akamaliza kwa kusema kwamba mtu aliyekushika mguu na wewe ukakubali goti lisagwe kwa ajili yake, mtakimbiana mpaka lini, basi ule mwiko kati yetu umekwisha. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Goti lake lilikuwa limefungwa majani na alichechemea mpaka mavuno.

Tangu siku hiyo chini ya gari siingii, hata likiwa limelala juu ya jabali. Spana zangu nazipangusa, nazitazama, basi, na Mhindi anatabasamu zake. Lakini mama mkwe haniamini. Kila akija kututembelea, kabla hajagusa kitu chochote uani, iwe kinu, ungo au ufagio tu, husimama mlangoni na kuita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Baba Kulwa! Uko chini?" Na mimi, hata nikiwa nimeketi kitini mbele ya wageni wa heshima, na kikombe cha kahawa mkononi, ni lazima nimjibu, tena kwa sauti, la sivyo hagusi kitu na chakula hakipikwi.

"Nipo juu, mama."