Wa Kwanza Kuugua

Walimpachika jina la Dada Maswali, naye akalipokea bila kinyongo, maana lilikuwa la kweli. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akigonga milango ya watu, begi begani, kitambulisho cha utafiti kikining'inia shingoni, akiwauliza waliobaki jinsi watu wao walivyokufa. Kazi gani hiyo, jamani? Wengine wakimwona tu anakunja kona, wanafunga mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Fundi viatu mmoja alimwambia, "Wewe mwanamke, ukija tena niulize basi hata habari za walio hai." Alicheka. Kisha akavuta stuli, akaketi, akamuuliza habari za marehemu mkewe kwa saa nzima na robo.

Msimwone hana huruma. Ugonjwa ule ulipoingia, watu wengi walifia majumbani, wakazikwa haraka haraka, na hakuna daktari aliyeandika wamekufa na nini. Ofisi zilikuwa na hesabu yao, makaburi yalikuwa na hesabu yake, na hesabu hizo mbili hazikuelewana hata kidogo. Ndipo watafiti wakaja na dodoso lao la maswali themanini na mawili. Mkuu wao alikuwa profesa mwembamba asiyeweza kuomba hata chumvi mezani bila kutaja asilimia, kwa hiyo wafanyakazi walimwita Profesa Asilimia, ila si mbele yake. Siku ya mafunzo aliwaambia hivi: "Virusi havikuacha barua. Tutajua vilipita wapi kwa kuwauliza waliobaki, basi. Na mkiniletea tarehe za uongo, siku gonjwa jingine likija tutapeleka mitungi ya oksijeni kusikohitajika, na watu watakufa tena." Siku hiyo hakutaja asilimia hata moja.

Swali lililowatoa watu jasho lilikuwa la kumi na tisa. Yale ya kabla yake wanajibu: marehemu alikuwa na miaka mingapi, alikohoa siku ngapi, midomo ilibadilika rangi au haikubadilika. La kumi na tisa linasema: Katika nyumba hii nani aliugua kwanza, na tarehe gani? Hapo ndipo utaona mama mkwe anamtazama mke wa mwanawe, na kijana wa watu anatazama sakafu. Dada Maswali alikuwa na maneno yake ya kuwatuliza, hayamo kwenye dodoso, aliyatunga mwenyewe. "Aliyeugua kwanza si lazima ndiye aliyeuleta," aliwaambia. "Na hata kama ndiye, hakukusudia. Hatutafuti mkosaji." Watu walilia wakiyasikia. Mwenye duka la vipuri alimshika mikono yote miwili asimwachie.

Maneno hayo mazuri aliyagawa mtaa kwa mtaa, na hakumpelekea mtu mmoja aliyeyahitaji kuliko wote. Mtu huyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja, dereva wa malori ya masafa marefu.

Ilikuwa hivi. Wakati ule Dada Maswali hakuwa bado na jina hilo. Alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, yule anayekaa nyuma ya kidirisha na kuandika jina lako na tatizo lako. Alikuwa ameachika, hilo halimhusu mtu, na alikuwa akiishi na wazazi wake. Baba alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mikono inamtetemeka, hawezi kushika wembe. Kila Ijumaa binti alimketisha kitini karibu na dirisha, akamfunga taulo shingoni, akampaka sabuni na kumnyoa ndevu taratibu, huku mzee akimlalamikia kwamba anamnyoa kama anapalilia shamba.

Jumatano moja alirudi kazini na koo linawasha. Karani mwenzake alikuwa kitandani tangu Jumapili. Akajisemea ni vumbi la mafaili. Ijumaa, siku ambayo redio ilitangaza kwamba shule zote zimefungwa, alimketisha baba kama kawaida, akafungua sabuni ya kunyolea, ile yenye harufu inayofika hadi jikoni. Hakusikia harufu. Akaisogeza puani. Hakuna. Akajua pale pale, maana wiki nzima alikuwa akiandika jambo hilo hilo kidirishani, mgonjwa baada ya mgonjwa. Alijua, akainama usoni kwa baba yake, akamnyoa.

Kwa nini hakusema? Waliosema walibebwa na gari kupelekwa kutengwa, mtaa mzima umejaa madirishani, na wengine hawakurudi. Aliogopa. Sina neno zuri zaidi la kumtetea.

Jumanne iliyofuata mdogo wake akaingia na begi lake la safari, mipaka ilikuwa inafungwa. Alhamisi baba akalala kitandani. Ijumaa dereva naye akaanza kukohoa. Ni yeye aliyekuwa akimgeuza mzee na kumbeba hadi chooni, kwa sababu ndiye mwenye mabega. Siku ya tisa mzee akakata roho. Makaburini, watu wachache wamesimama mbali mbali na barakoa zao, mama yao akamgeukia mwanawe akasema kwa sauti, "Umemletea baba yako kifo kwenye begi." Dereva akasema alikuwa mzima njia nzima. Hakuna aliyemsikiliza. Dada yake alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale, na hakufungua mdomo.

Miaka mitatu ikapita. Dereva alihamia mji mwingine na mkewe na watoto. Hakuja, hakupigiwa. Dada Maswali alijiambia kwamba mdogo wake ana hasira, na hasira hupoa zenyewe. Uongo mtupu, na alijua ni uongo, lakini mtu akiamua kujidanganya hakosi pa kuegemea.

Basi kompyuta ya ofisini ikachagua kaya mpya kwa bahati nasibu. Mtaa wao ukatoka, na nyumba yao ikatoka. Sheria ya utafiti ni kwamba hakuna anayehoji nyumba yake. Akapangiwa mwenzake, nesi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista, mwanamke mnene, mpole, asiyekubali jibu nusu. Dada Maswali angeweza kutoroka siku hiyo, kusingizia kwenda sokoni. Usiku haukumpa usingizi, na asubuhi akabaki nyumbani, akachemsha chai.

Waliketi sebuleni watatu. Sista akasoma utangulizi, akaomba idhini, akaanza. Mama alijibu vizuri, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Wakafika la kumi na tisa.

"Mwanangu wa kiume," mama akasema kabla swali halijaisha. "Andika huyo."

"Alianza kuumwa lini, mama?"

"Alikuja Jumanne. Shule zilifungwa Ijumaa, yeye akaja Jumanne."

"Hiyo ni siku ya kufika. Kukohoa alianza lini?"

Mama akafikiri. "Ijumaa iliyofuata."

"Na mzee?"

"Alhamisi, siku moja kabla."

Kidole cha Sista kikasimama juu ya kioo cha kishikwambi alichokuwa akijazia majibu. "Basi kwa tarehe hizi, mama, mzee ndiye aliyetangulia. Kijana alifuata."

"Wewe andika mwanangu. Ndiye aliyeleta."

"Swali haliulizi nani aliyeleta, mama yangu. Linauliza nani aliugua kwanza."

Hapo palikuwa na upenyo, na Dada Maswali aliuona wazi. Sista ataandika marehemu, waende la ishirini, na marehemu hana wa kumsemea. Hata mdogo wake angepunguziwa mzigo kidogo. Ingekuwa rahisi hivyo. Lakini Sista si mtu wa jibu nusu.

"Mzee alikuwa anatoka nje siku hizo?" akauliza.

"Hata barazani hakutoka. Mwezi mzima."

"Alikuwa anakutana na nani?"

Mama akakunja ncha ya kanga yake vidoleni. Saa ya ukutani ilisikika, na jirani alikuwa anafua nje. Dada Maswali aliwaza ile nafasi tupu kwenye kioo cha Sista. Alikuwa amekaa mbele ya nafasi hiyo katika nyumba za watu zaidi ya mia nne, akingoja watu wajikaze waseme ukweli. Wajane, mayatima, wazee wasioona. Walijikaza wakasema.

"Andika mimi, Sista," akasema. "Jumatano, siku mbili kabla shule hazijafungwa."

"Usimsikilize huyu," mama akadakia. "Amechoka. Kazi yenu imemharibu kichwa."

"Sijachoka, mama. Ijumaa ile nilipomnyoa baba sikusikia harufu ya sabuni. Nikajua ni nini. Nikamnyoa hivyo hivyo. Mdogo wangu hakuwa hata amefika."

Alitegemea mama apige kelele. Alitegemea kofi. Mama aliinua kikombe, akakirudisha kwenye kisosi bila kunywa.

"Unadhani sikujua?" akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukuta wa chumba chako ni mbao. Nilikusikia usiku unakoholea kwenye mto. Tangu Jumatano."

"Mama!"

"Mume wangu ameshalala kaburini. Ningekufukuza wewe, ningebaki na nani? Mwenzio alikuwa na mke, ana watoto, ana pa kwenda." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ilibidi nimkasirikie mtu, mwanangu. Nisingeweza kubaki hivi hivi tu."

Dada Maswali alimtazama mama yake kana kwamba ndio kwanza wanakutana. Walikuwa wamekula meza moja miaka mitatu, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile. Aliona uchungu, kisha hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi, kwa sababu katika sebule ile hapakuwa na mtu msafi isipokuwa Sista.

Sista alikohoa kidogo kusafisha koo. "Aliyeugua kwanza," akaanza, "si lazima ndiye..."

"Hayo niachie, Sista," Dada Maswali akamkatiza. "Nayajua. Endelea."

Sista akaendelea. "Dalili ya kwanza?"

"Koo kuwasha. Halafu kutosikia harufu."

"Kazi yako wakati huo?"

"Karani wa mapokezi, hospitalini."

Yakaandikwa. Yalikuwa na faida kwa Profesa Asilimia, bila shaka. Yalimwonyesha kwamba ugonjwa ulishaanza kutokea kwenye vidirisha vya hospitali kabla ya malori kurudi. Maswali sitini na matatu yaliyobaki yalijibiwa yote, mpaka la mwisho. Sista alipokwisha alimkumbatia mama, akamkumbatia binti, akaondoka bila kusema neno, na hilo lilikuwa jambo la busara.

Dada Maswali akatoka uani na simu. Kwenye kamba kulikuwa na shuka zilizoanikwa. Akatafuta namba ya mdogo wake, akaipiga kabla ujasiri haujamwisha. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokewa.

"Dada. Mama amefariki?"

Hakumsalimia. Hakuna sababu nyingine ambayo angeweza kuifikiria.

"Mama mzima. Yuko ndani, mzima kabisa." Akasikia pumzi ndefu upande wa pili. "Nisikilize, usikate. Wakati wa baba, mimi ndiye niliyeugua kwanza. Siku sita kabla hujafika. Nilijua na nikanyamaza. Si wewe uliyemwambukiza."

Alijiandaa kwa matusi. Aliyataka, kusema kweli, alitaka atukanwe mpaka simu iishe chaji.

"Rudia," mdogo wake akasema.

"Mimi ndiye niliyeugua..."

"Hapana. Mwisho pale."

"Si wewe."

"Rudia tena, Dada."

"Si wewe, mdogo wangu. Hukumuua baba."

Sauti yake ikasogea mbali na simu. Alikuwa anamwita mkewe, anaita kama mtu aliyeona moto. "Njoo! Njoo usikie. Si mimi. Anasema si mimi." Kisha vitu vikagongana, na simu ikapokewa na mkono mwingine.

"Wifi?" mkewe akasema. "Umemwambia nini? Ameketi chini."

Dada Maswali akamweleza, tarehe kwa tarehe, hakujipendelea popote. Wifi yake alisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamume mzima anayelia.

"Unajua," wifi akasema, "akikohoa tu, hata mara moja, hata ikiwa ni moshi wa jikoni, anachukua blanketi anaenda kulala kwenye lori. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka miwili. Hajawahi kumbusu. Miaka mitatu, wifi. Mngepiga simu tu."

Dada Maswali akashusha simu taratibu. Alipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, simu ilikuwa na sauti kubwa na yote ameyasikia. Alinyoosha mkono apewe. Binti akampa. Mama akaiweka sikioni, akamwomba mkwewe ampe mumewe simu, na kwa muda mrefu walikaa hivyo, yeye na mwanawe, wanasikilizana wakilia.