Ngumi ya Mwalimu Kipenga

Usiku ule wa kuamkia Jumapili nililala nimemnunia baba yangu, naye akalala akijua nimemnunia, na nyumba nzima ikawa kimya kama kuna mgonjwa.

Kesho yake tulikuwa na mgeni wa chakula cha mchana, hapa kwetu Singida. Mzee mmoja wa klabu kubwa ya mpira wa wavu ya Dar es Salaam alikuwa anakuja kunichukua. Klabu ilikuwa tayari kunipa kazi na nafasi ya kucheza, mradi nianze mwezi ujao, yaani niache chuo cha ualimu nikiwa nimebakiza mwaka mmoja. Mimi nilitaka kumaliza. Baba alitaka niende. Na kwetu, mgeni wa namna hiyo hupewa jibu baada ya watu kula na kunawa mikono, na anayelitoa ni mwenye nyumba. Aliyeombwa hukaa jikoni na vyombo, akisubiri kuja kuambiwa amekubali nini.

Baba ni fundi cherehani. Tangu nianze kucheza sijawahi kuvaa jezi ambayo hakuishona yeye. Kila mwanzo wa msimu hunisimamisha katikati ya chumba chake cha kazi, futi kamba shingoni, akanipima mabega na kiuno huku akiguna. Nguo akiimaliza hupiga mshono mdogo wa uzi wa njano ndani ya kola. Hiyo ndiyo sahihi yake. Ananiita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Agnesi. Ananipenda, hilo silitilii shaka. Ninachokitilia shaka ni ndoto zake.

Maana baba huota. Kila nikitaka kuamua jambo, marehemu babu humjia usiku. Babu alikufa hajui mpira wa wavu ni mnyama gani. Alijua ng'ombe na jembe. Lakini alipokufa akawa mtaalamu. Nilipotaka kwenda kusoma Arusha, babu alikuja akasema Arusha kuna baridi itakayoniharibu magoti. Nilipopata rafiki, kijana mpole anayecheza kikapu, babu alikuja mara mbili katika wiki moja. Na kwetu hakuna anayebishana na marehemu. Ukimwota, unamweleza mwenye nyumba kabla hujanawa uso, yeye anaifasiri, kisha mama anapika uji na kuita watoto wa jirani wanywe ili marehemu apumzike. Watoto wale wamekunywa uji mwingi sana kwa ajili ya maisha yangu ya michezo.

Safari hii babu alikuwa bado hajaja, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Jioni nilikuwa nimeona kipande cha kitambaa cha kijani kikichungulia chini ya kifuniko cha cherehani. Kijani ndiyo rangi ya ile klabu.

Basi nikalala hivyo, na ndani ya usingizi nikaanza kusikia cherehani.

Nilijua baba amelala, kwa sababu nilikuwa namsikia akikoroma upande wa pili wa ukuta. Lakini cherehani ilikuwa inakwenda, taratibu, kama inayoendeshwa na mtu asiye na haraka. Nikatoka. Sakafu ilikuwa ya baridi chini ya nyayo zangu. Nasukuma mlango wa chumba cha kazi, na kwenye kiti cha baba amekaa Mwalimu Kipenga, mguu juu ya pedeli, anashona jezi ya kijani.

Mwalimu Kipenga alinifundisha mpira wa wavu shule ya msingi. Jina lake halisi tulikuwa hatulitumii kabisa. Alikuwa na kipenga chake shingoni hata kanisani. Ndiye aliyenifanya seta, yaani yule anayeinua mpira ili mwenzake aupige. Alifariki kwa ugonjwa wa sukari mwaka wangu wa kwanza chuoni, na nilimlilia kuliko nilivyomlilia babu.

Sikumkimbilia. Nilisimama mlangoni nikamwangalia kwa jicho la pembeni. Mwalimu Kipenga wa duniani alikuwa hajui kushona hata kifungo. Soksi zake zilikuwa zinachekesha darasa zima. Nikatazama miguu yake kama inagusa chini. Inagusa. Nikanusa. Alinukia dawa ya kuchua na mbegu za alizeti za kukaanga, kama zamani. Bado sikuridhika, maana hata tapeli hujua kuvaa.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, kwa sababu heshima ni heshima hata kwa mtu unayemshuku.

"Marahaba."

Akaendelea kushona. Amevaa lile koti lake la michezo la bluu, na anapoinama kola inageuka kidogo. Ndani ya kola nikaona uzi wa njano.

Moyo ukanipasuka kwa hasira. Kumbe! Baba amechoka kumtumia babu, sasa ameona amtume mwalimu wangu. Amekwenda hadi kwa wafu, akampima mabega, akamshonea koti, akamwambia la kusema.

"Nani amekutuma?" nikamwuliza.

Akakata uzi kwa meno, akainuka, akapita karibu yangu akatoka nje, nami nikamfuata. Nje si uani kwetu tena. Ni uwanja wa shule, ule wa vumbi jekundu, na upepo wa Singida unaupiga wavu hadi unalia. Nimevaa jezi ya kijani na sikumbuki nani amenivika. Inanibana kwapani. Upande wa pili wa wavu wapo wachezaji, lakini sura zao zimefunikwa na vumbi. Mtu anasema tumefungana seti, umebaki mpira mmoja tu.

Nikageuka kuangalia watazamaji.

Wote ni baba. Kila benchi amekaa baba, futi kamba shingoni, miguu pamoja, mikono magotini. Baba mwingine amepanda mti. Baba mwingine anauza karanga. Na wote wananiita kwa sauti moja ya chini, bila kupiga kelele, kama mtu anayemwamsha mtoto: Mama. Mama. Mama. Nilitaka kucheka, na nikaona machozi yananitoka, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso mbaya. Wote walikuwa na hofu.

"Nani kakwambia utazame huko?" Mwalimu Kipenga akasema.

Alikuwa amesimama pembeni ya uwanja pale anaposimama siku zote, ubavu umeelekea kwetu. Hapo lazima nieleze. Alikuwa na kawaida ya kunipa ishara kwa mkono wa kulia, mkono umeshuka ubavuni na nusu umefichwa na koti, wapinzani wasiuone. Kidole kimoja, inua mpira mfupi wa haraka. Viwili, inua mpira mrefu wa mbali. Vitatu, rudisha nyuma. Baba alikuwa anakaa nyuma yake kila mechi, na kwa kuwa ni mtu wa kupima kwa macho, alivisoma vidole vyote bila kufundishwa. Nyumbani alikuwa akinitania wakati wa kula, ananionyesha viwili, nami nampa sahani ya mbali.

Sasa katika ndoto namwangalia mwalimu, na mkono uko ndani ya koti, siuoni. Naona kola tu, na uzi wa njano.

"Nani amekutuma?" nikamwuliza tena, na safari hii sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

Akanitazama. Kisha akasema, "Maiti hatumwi na fundi cherehani."

Akavua koti. Alilivua polepole, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akalitungika kwenye nguzo ya wavu, na upepo ukalijaza. Ndipo nikakumbuka jambo la kawaida kabisa, ambalo ningelikumbuka mapema kama nisingekuwa na shaka nyingi: koti lile baba alimshonea angali hai, bure, kwa shukrani, mwaka tulioshinda mashindano ya wilaya. Chini yake alikuwa na fulana nyeupe iliyopauka. Akashusha mkono ubavuni, wazi, kila mtu anauona.

Ilikuwa ngumi.

Wote tuliocheza kwake tunaijua ngumi ile. Mchezo ukifika kwenye mpira wa mwisho, Mwalimu Kipenga hakutoa kidole hata kimoja, hata tungemlilia. Alikunja ngumi. Maana yake: mimi niko nje, wewe uko ndani, mpira ni wako, amua. Nilikuwa naichukia. Nilikuwa naona kama ananitupa. Na baba, katika kusoma kwake kote, hiyo hakuisoma. Hakuna kidole cha kuhesabu, basi akadhani hakuna kitu.

Mpira ukaja juu, mweupe, polepole mno. Nikanyanyua mikono. Jezi ikapasuka kwapani kwa sauti kubwa, na kwa sauti hiyo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikaa kitandani, na mashaka yote yakarudi yakakaa nami. Labda ni mimi mwenyewe niliyejiotea ninachokitaka. Nitakuwa tofauti gani na baba? Lakini desturi ni desturi. Nikatoka bila kunawa uso.

Baba alikuwa barazani na kikombe cha chai. Naye alikuwa hajanawa uso, na alipohakikisha nimeliona hilo, akaweka kikombe chini.

"Mama, njoo ukae. Usiku nimeota."

"Shikamoo, baba. Babu?"

"Marahaba. Hapana, si babu." Akashusha sauti. "Mwalimu wako. Mwalimu Kipenga."

Nywele zilinisimama. Kwa dakika ile niliamini. Nilitaka kuamini, maana kama alitujia sote wawili usiku mmoja, basi hakuna cha kubishana tena.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Unamjua alivyokuwa. Amesimama pale uwanjani kwake, akanipa mkono." Baba akashusha mkono wake wa kulia ubavuni, akautoa kidogo nje ya shati. "Viwili. Mpira mrefu wa mbali. Uende Dar, Mama."

Vidole vyake alikuwa bado amevinyosha. Nikavitazama.

"Ulikuwa mpira wa ngapi, baba?"

Alifurahi kuulizwa. "Wa mwisho! Mmefungana seti, watu wote wamesimama."

Ningeweza kumwaibisha pale pale, na sitadanganya, hamu nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaona wale baba wote kwenye mabenchi. Nikamweleza ndoto yangu, tangu cherehani hadi kupasuka kwa jezi. Nilipofika kwenye ngumi, nikamweleza maana yake. Hakunikatiza. Alikuwa akivitazama vidole vyake vile viwili, na kabla sijamaliza alikuwa amevikunja.

"Miaka yote ile," akasema mwishowe, "nilidhani anaupumzisha mkono."

"Hapana, baba."

"Naogopa, Mama." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, na pia ya mtu aliyetua mzigo. "Goti likivunjika hapo chuoni, nani atakuja tena kukuita?"

"Hata mimi naogopa," nikamwambia, na ilikuwa kweli, bado ni kweli. "Lakini namaliza chuo. Kama wananitaka, watanitaka na mwakani."

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, sijui tangu saa ngapi. Akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Uji nipike wa ndoto ipi?" akauliza.

Baba aliinuka akaingia chumba cha kazi, na asubuhi nzima sikusikia cherehani.

Mchana tulisikia hodi ikipigwa mlangoni. Nilikuwa jikoni na vyombo, kama inavyotakiwa. Nikamsikia baba anaburuta kiti, anasimama, anakohoa kile kikohozi chake cha kupokea wageni. Kisha kikohozi kikakatika.

"Mama," akaita, "mgeni wako amefika."

Nikafuta mikono, nikaenda kufungua.