Bibi wa Bukene Alivyonirudisha Kwenye Uenyekiti

Mwaka ule wa uchaguzi wa serikali za mitaa nilikuwa nimeshamwambia mume wangu kwamba sigombei tena. Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu huku Ntalikwa kwa muhula mzima, na uenyekiti wa mtaa hauna mshahara. Una muhuri, una simu isiyonyamaza, na una watu wanaokungoja uani kabla hujanawa uso. Aliyegombana na mkewe anakuja. Aliyeliwa mahindi na ng'ombe wa jirani anakuja, na ng'ombe mwenyewe anamleta. Mume wangu ni mkulima, mtu mpole, alivumilia mpaka msimu ambao miche yetu ya tumbaku ilizeekea kitaluni huku mimi nikizunguka kwenye misiba ya watu.

"Umewatumikia vya kutosha," aliniambia. "Sasa na shamba nalo likuone."

Nikakubali. Kusema kweli, nilijisikia mwepesi.

Alasiri moja, fomu zikiwa zimeanza kutolewa, dereva wa bodaboda aliingia uani amempakia bibi mmoja mkongwe, kavaa kitenge safi, miguu imejaa vumbi.

"Mama mwenyekiti, shikamoo. Nimemkuta anatembea peke yake barabarani, hajui aendako. Nikaona nimlete kwako."

"Marahaba. Kwa nini kwangu?"

Akanishangaa. "Sasa ningempeleka kwa nani?"

Bibi alikuwa amechoka sana. Nilimpa maji, nikamuuliza anakwenda wapi. Akanitazama tu kama asiyejua Kiswahili. Mume wangu, aliyekuwa akinoa jembe, akamsogelea na kumsalimu kwa Kinyamwezi: "Mwadila, mayu." Uso wa bibi ukakunjuka papo hapo. Wakaongea. Kidogo kidogo tukaelewa: alikuwa anakaa na binti yake Bukene, karibu na mashine ya kusaga, asubuhi alikwenda stesheni, treni ikaja, akapanda, akashuka mjini na kuanza kutembea. Alikuwa anarudi kwa baba yake. Mtu wa umri ule, baba yake angekuwa wapi?

Mimi sikuwa na ndugu wala rafiki Bukene. Ila nilijua kitu kimoja: kule nako lazima yuko mtu kama mimi, ambaye watu wanamletea kila kitu. Nikampigia mtendaji wa kata yetu, naye akatafuta mtendaji wa kule, na kabla jua halijazama nikawa naongea na mwenyekiti wa kitongoji chao, mwanamume mwenye sauti nzito, akihema.

"Niko shambani, mama. Sema."

Nikamweleza. Hakuniuliza mimi ni wa wapi hasa, wala kama jambo lile linamhusu. Alisema tu, "Karibu na mashine? Ngoja niende," na nikasikia jembe likiangushwa chini.

Tulikuwa tunakula ugali na mlenda simu ilipoita.

"Mwenyekiti mwenzangu, binti yake huyu hapa."

Nikaweka simu kwenye spika. Binti alilia kwanza, kisha akauliza, "Mama, umekula?" Bibi akaitazama ile simu, akasema kwa Kinyamwezi kwamba amekula, na kwamba mwenye nyumba hii ana adabu. Mume wangu akacheka mpaka akaweka tonge chini.

Kesho yake binti alifika kwa basi. Alimshika mama yake mikono yote miwili. Nikawasindikiza mpaka barabarani, na wakati narudi nilikuwa namfikiria yule mwanamume wa Bukene. Halipwi kama nisivyolipwa. Angeizima simu, angesema yuko kazini, na bibi angelala kwetu hata mwezi. Kazi yetu nzima ni hiyo tu: simu ikiita, awepo wa kupokea. Na nikagundua kwamba nataka niwe mimi.

"Nachukua fomu," nilimwambia mume wangu.

Akanigeukia. "Miaka mitano tena?"

"Mitano."

"Basi Jumamosi ni ya shamba. Ng'ombe wale mahindi, watu wapigane, Jumamosi hupokei mtu."

"Misiba je?"

"Misiba sawa."

Nilikuwa na mpinzani, kijana msomi mwenye maneno mazuri. Kwenye kampeni aliahidi barabara na taa. Mimi nilisema barabara sina uwezo nayo peke yangu, nitaidai. Lakini uani kwangu mnapajua. Wengine waliguna. Siku ya kura mstari ulikuwa mrefu, na hadi matokeo yanasomwa sikuwa na uhakika hata kidogo. Nilishinda, si kwa kura nyingi.

Yule kijana alikuja kunipa mkono. "Hongera, mama. Ile barabara lakini usiisahau."

"Siisahau. Jumatatu nakwenda kuidai halmashauri, twende wote."

Alidhani natania. Jumatatu alifika mapema kuliko mimi, kachomekea shati, na tukaenda mjini kwa pikipiki moja.