Mfupa Hauna Haja ya Bakuli

Nesi alimleta ndani ya kikapu cha sokoni, amefunikwa leso, na Ayeeyo akafikiri ni mayai. Ayeeyo ni bibi yangu, mama yake mama. Alinyoosha mikono yote miwili kupokea, tayari anashukuru, na kikapu kikabweka.

Wallahi sijaona mzee akiruka namna ile. Fimbo huku, tasbihi kule, na yeye mwenyewe amefika mlangoni kabla sisi hatujajua kuna nini. Halafu leso ikainuka, kikatokea kichwa kidogo cheupe chenye sikio moja la kahawia. Mbwa. Mdogo hivi, kama paka aliyeshiba. Garissa nzima watu wanakimbia mbwa wasiguswe na mate yake, na sisi tumeletewa mmoja nyumbani kwa heshima zote.

Mimi nilikuwepo kwa sababu ya barabara. Shule yangu ilikuwa Kenya. Hivyo ndivyo tulivyosema, mtu akivuka mto Tana ameenda Kenya. Lakini wakati ule wa vita vya shifta malori yalikwenda kwa msafara tu, askari mbele, askari nyuma, na kila nilipouliza niliambiwa nafasi bado. Basi nilikaa nyumbani na vitabu vyangu vya kidato cha tatu, nimejaa hasira, nasubiri.

Nesi yeye alipata nafasi, maana tumbo lake lilikuwa limefika. Alikuwa mtu wa bara, amepanga chumba ng'ambo ya ua wetu, na sasa anaenda kwao kujifungua. Lakini askari wa msafara walikataa mbwa. Watu kwanza, walisema.

"Mama, sina mtu mwingine," nesi akamwambia mama yangu.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, alimtazama yule mbwa, akatazama tumbo la nesi. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa saa za kafiu, mtu akitoka nje anaweza kupigwa risasi, na nesi huyu aliruka ua na mkoba wake mdomoni akaja. Bila yeye Hooyo hayuko, na mtoto hayuko.

"Walaal, dada yangu, wewe lishika mtoto yangu," Hooyo akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nashika huyu. Ni amana."

Nikajua yamekwisha. Mama yangu akishasema amana, hata mlima utakaa chini. Kitu cha amana unakirudisha kama ulivyokipokea. Akirudi nesi amkute mbwa wake mzima, au Hooyo hana uso wa kumwonyesha tena maisha yake yote.

Nesi akatoa maagizo yake, mguu mmoja tayari uko juu ya lori. "Mpe mifupa mibichi. Usipike, mama. Ukipika inavunjika vipande vikali, inamchoma koo."

"Haya, walaal. Mufuba mubichi. Safari njema."

Lori likaondoka, vumbi likatua, na Hooyo akaenda moja kwa moja kuinjika sufuria.

"Hooyo! Amesema mibichi!"

"Nimesikia. Wewe umeona wapi mgeni anawekewa kitu kibichi? Hata adui yako akiingia nyumbani unampikia."

Akapika. Akatoa mifupa yote, akachambua nyama nyuzinyuzi, akatia iliki. Mimi mwenyewe sijawahi kupikiwa hivyo, na nilifaulu mtihani. Mbwa akanusa bakuli, akaramba mara moja, akaenda kulala kwenye kivuli cha mtungi.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Chombo alichoramba mbwa kwetu kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa mchanga. Na Ayeeyo alisimama pale na fimbo yake, akihesabu kwa sauti ili malaika pia wasikie.

"Mbili! Hiyo si mbili, umepitisha mkono tu. Rudia!"

Maji yenyewe yalitoka mtoni kwa punda, na punda alikuja akiruhusiwa na askari, siku nyingine harudi kabisa. Asubuhi bakuli, mchana bakuli, jioni bakuli. Mimi niliyefika hesabu za logarithimu, kazi yangu ilikuwa kuhesabu mpaka saba na kuanza tena. Na mbwa hali! Ukimpa uji anaramba. Ukimpa anjera na mchuzi anaramba. Anaramba kidogo tu, kiasi cha kuharibu bakuli.

Akakonda. Mbavu zikaanza kuonekana, halafu akaacha hata kubweka. Hooyo akawa akimaliza kuswali anabaki pale pale juu ya mkeka, anamwangalia.

"Nitamwambia nini?" alikuwa akisema. "Amenipa kiumbe, nitamrudishia ngozi?"

Na jirani wetu mwanamke, yule wa upande wa msikiti, alikuwa hakosi kupitisha kichwa juu ya ua.

"Salaam aleikum, nyumba ya mbwa! Malaika wenu siku hizi wanaingilia wapi, dirishani?"

"Wametoka kwako sasa hivi," Ayeeyo akamjibu bila kugeuka. "Wanasema kwako kuna kelele zaidi."

Siku moja nikachoka. Bakuli liko mkononi, niko mara ya tano, mchanga umeingia kwenye kucha, nikalitupa chini.

"Ayeeyo, mfupa mbichi hauna haja ya bakuli!"

Mimi nikaendelea kwa haraka kabla hajainua fimbo. "Unautupa mchangani tu. Hakuna sufuria. Hakuna bakuli. Hakuna kitu cha kuosha."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na maji?"

"Yote ya udhu."

Ayeeyo akakaa chini akawaza, akivuta tasbihi punje moja moja. Halafu akamwita Hooyo. "Binti yangu, mgeni anaheshimiwa kwa chakula cha kwao. Huyu kwao ni kibichi. Wewe unamlazimisha iliki kila siku. Hiyo ni heshima?"

Hooyo akaichukua iliki akairudisha kwenye mkebe wake. Nilitaka kucheka lakini sikuwa mjinga.

Shida ilikuwa moja, mfupa wenyewe. Wanyama walizuiwa kuingia mjini, soko lilifungwa siku nyingi kuliko lilivyofunguliwa, na mfupa ukipatikana ulikuwa ndio supu ya nyumba nzima. Na katika nyumba yetu mfupa wenye mafuta ndani ulikuwa wa Ayeeyo. Haukuguswa na mtu. Aliugonga juu ya jiwe, akanyonya kile kiini huku amefumba macho, na wakati huo hata ukimwambia nyumba inaungua angekuambia ngoja.

Siku ile baba alileta shingo ya mbuzi. Ayeeyo akachagua kipande chake, kibichi, akakishika kwa ncha za vidole, akakirusha kutoka mbali kama mtu anayempiga shetani mawe. Kikatua mbele ya mbwa.

Mbwa akainua kichwa. Akanusa. Mkia ukajaribu mara moja, kama umesahau kazi yake. Halafu akakilalia kile kifupa, akakikumbatia kwa mikono miwili, na tukasikia: krak.

Jamani, sauti ile! Nyumba yote tulisimama kumsikiliza mbwa akila. Krak, krak, anageuza kichwa upande huu, anageuza upande ule, jicho moja limefumba. Mdogo wangu alipiga makofi. Hooyo alifunika uso kwa shela na mabega yakatikisika, sijui kicheko au kilio.

"Subhanallah," Ayeeyo akasema. "Meno yote haya alikuwa ameyaficha wapi?"

Tangu siku ile hakuna aliyeosha bakuli. Ayeeyo mwenyewe akawa ndiye anayechagua. Hooyo akigusa nyama Ayeeyo anauliza, "Na cha yule?" Sisi tulikunywa supu nyepesi, na hatukulalamika sana. Mbwa akajaa. Akawa anazunguka uani kama mzee wa mtaa, na sisi tukamwita Ey. Jina alilopewa na nesi lilianza na P likaishia na P, na Kisomali hakina P, kwa hiyo mdomoni mwa watu wetu halikuwa na bahati. Ey kwa Kisomali ni mbwa tu.

Lakini mwenye kushiba ana mambo. Ey akaanza kufukia mifupa. Akafukia chini ya mtungi. Akafukia pale Ayeeyo anapotandika mkeka, na Ayeeyo akahamisha kibla yake yote upande wa pili wa ua huku akimtukana kwa upole. Halafu akagundua mchanga laini kuliko wote mjini, ule unaosagwa na magurudumu ya malori, barabarani, karibu na kizuizi cha askari kando ya mto.

Tulijua hilo siku msafara uliporudi na nesi.

Tulisikia malori kwa mbali, nikambeba Ey chini ya kwapa, Hooyo nyuma yangu, Ayeeyo nyuma ya Hooyo. Watu walikuwa wamejaa. Lori la kwanza likakaribia kizuizi, na mara afande mmoja akainua mkono na kupiga kelele, "Simama! Kuna bomu!"

Mbele ya gurudumu, katikati ya barabara, palikuwa na kimchanga kimeinuka, kimechimbwa leo. Wakati ule magari yalikuwa yakiruka kwa mabomu ya ardhini, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Watu wote wakalala kifudifudi. Malori yakazima. Nikamwona nesi juu ya lori la kwanza, amekumbatia kitu kilichofungwa blanketi, hana pa kukimbilia.

Ey akamwona pia. Au aliona kimchanga chake, sijui. Akanichomoka.

"Ey!" nikaita. "Ey! Ey!"

Afande akageuka na bunduki. "Unaita nani ey?"

"Samahani afande, naita ey."

"Ey nani?"

"Ey ni mbwa, afande."

"Mimi ni mbwa?"

"Hapana afande! Ey ni yule! Yule ndiye mbwa! Wewe ni afande!"

Nikasikia mtu anacheka na mdomo wake umejaa mchanga.

Ey alikuwa ameshafika. Akaanza kuchimba, mchanga unaruka nyuma yake mpaka kwenye buti za askari. Afande akaziba masikio. Hooyo akasema shahada. Mimi nikafumba macho na nikajiambia, sasa barabara itafungwa milele na shule ndiyo basi.

Nilipofumbua, Ey amesimama katikati ya barabara, mkia juu, na mdomoni ana kifupa cha shingo ya mbuzi.

Lori zima likaangua kicheko, halafu barabara yote, watu wanainuka wanajipangusa, na afande naye akavua kofia akajipepea nayo. "Nitaripoti nini mimi?" akauliza. "Niseme tumepata mfupa?"

Nesi akashuka. Akaita lile jina la P mbili. Ey hakugeuka.

"Ey," Hooyo akasema polepole, na Ey akaja mbio, akaangusha mfupa, kisha akamnusa nesi miguuni na kuanza kulia kwa furaha, anaruka, anaanguka, anaruka tena.

"Amenenepa!" nesi akasema. "Mama, ulimpa nini?"

"Mufuba mubichi, walaal," Hooyo akasema, macho makavu kabisa. "Kama ulifosema."

Nikatazama mto.

Nesi alitaka kumbeba mbwa na mikono ilikuwa imejaa blanketi. Akatazama huku na huku. Ayeeyo akatua fimbo, akanyoosha mikono yote miwili, kama siku ile ya kikapu, lakini safari hii alichungulia kwanza ndani. Mtoto akapiga miayo.

"Huyu hana meno," Ayeeyo akasema. "Huyu namshika." Akampakata, akamnusa utosi, akanigeukia. "Muulize mama yake, huyu anakula nini?"

Nikamuuliza nesi. "Maziwa ya mama yake tu," nikamtafsiria Ayeeyo jibu lake.

"Bila bakuli," Ayeeyo akasema, na akaanza kwenda naye nyumbani.